Silabasi Imekuwa Moja, Eeddo

Eeddo Maryan, shangazi yangu,

Nimekaa, nimesimama, nimekaa tena. Chai imepoa mbele yangu. Tangu tukuzike hapa kambini Hagadera, baada ya ile homa ya wakati wa mafuriko, nimekuwa nikisema nawe moyoni. Leo naandika, maana maneno yamenijaa na hayana pa kwenda.

Silabasi imekuwa moja. Shule zote za kambini sasa zinafuata ya Kenya, ili watoto wafanye mtihani wa taifa kama wenzao wa Garissa na Wajir. Unakumbuka tulivyohangaika? Wewe uliyefundisha Mogadishu, mimi niliyesomea Garissa, na redio-kaseti moja katikati yetu. Kila somo la hisabati tulilirekodi mara mbili, wewe kwa Kisomali kwa shule zilizofuata mtaala wa kwenu, mimi kwa Kiingereza kwa zile za mtaala wa huku. Siku moja ulizima mashine ukaniuliza, "Sahra, nusu ya mbuzi ni nusu ya mbuzi. Kwa nini tumchinje mara mbili?" Tulicheka mpaka somo likaharibika.

Basi mbuzi sasa anachinjwa mara moja, Eeddo. Na mimi sina raha.

Kwanza, kaseti zako hazitakiwi tena. Alikuja mkaguzi, kijana mpole, akasikiliza kidogo, akasema, "Mwalimu huyu anafundisha vizuri sana, lakini hii haimo kwenye silabasi." Alisema kwa adabu, ndiyo maana sikuweza hata kumkasirikia. Tena silabasi hiyo moja, iliyotufungulia sisi mlango wa kuuza kaseti nje ya kambi, imewafungulia wote. Kampuni moja ya Nairobi, ambayo zamani isingejisumbua na shule zetu, imeleta kaseti zake Garissa, zimefungwa kwa karatasi inayong'aa. Nilipofika huko kuuza zangu, walimu wakuu waliagiza hizo za Nairobi, zangu zikiwa bado mkobani. Nilirudi kambini kwenye lori la mbuzi, nimejifunika uso wote. Watu walidhani nakwepa vumbi.

Halafu Mwalimu Dahir, mkuu wa shule moja huko Tarbaj, Wajir, akanitumia salamu kwa dereva. Alikuwa amezisikia kaseti za Nairobi, na hesabu zake zilikuwa za treni na matofaa. "Watoto wangu hawajaona treni. Lete zako. Silabasi si ni ile ile?"

Ile ile! Zamani somo la Hagadera lingefika Tarbaj kama mgeni asiye na kwao.

Lakini zangu zilikuwa nakala chache za kuonyesha tu, na kaseti mpya sikuwa na uwezo wa kuzinunua. Zilizokuwepo zilikuwa zako. Asubuhi nzima nilikaa, kidole juu ya kitufe cha kurekodi. Abo, baba yangu na kaka yako, alinipita mara kadhaa. Mwishowe akasimama mlangoni. "Maryan alifundisha watoto," akasema. "Hakufundisha sanduku."

Nikabonyeza. Nilirekodi juu ya sauti yako, Eeddo. Sehemu, desimali, vipimo. Nilitumia ngamia wako na madebe yako ya maji, kwa Kiingereza changu. Kila nilipomaliza somo nilitoka nje, nikazunguka nyumba, nikarudi. Sijui kama umenisamehe. Sijui hata kama wewe ungeona kuna la kusamehe.

Tarbaj nilipeleka mwenyewe. Watoto walikaa mchangani, kimya, wakasikiliza somo la sehemu mpaka mwisho. Sasa, unajua mimi husema mbio. Wewe ulikuwa ukiniambia, kwa Kiswahili chako kisichokuwa na 'p', "Bole bole, Sahra, wanakimbizwa na nani?" Somo langu liliisha kabla ya lako. Sikulijua hilo. Nilikuwa nanyoosha mkono nizime mashine, mara ukasema wewe, kwa Kisomali, karibu kabisa, kama umesimama nyuma yangu: "Haya wanangu, sasa niambieni ninyi. Robo mbili za ngamia ni nini?"

Darasa zima likakujibu kwa Kisomali, kwa kelele, "Nusu!"

Nilitoka nje nikashika ukuta.

Mwalimu Dahir akanifuata. Akasema kaseti anazitaka zote, na shule ya Hadado imeulizia. Kisha akashusha sauti. "Lakini ule mwisho uufute. Mkaguzi akija atauliza." Mpaka leo sijamjibu, na wiki ijayo lori linakwenda Hadado, na Garissa nataka nirudi niwaombe wale walimu wakuu wasikilize tu, hata robo saa. Siku nyingine naamka naona tutafika. Siku nyingine naona Nairobi itatumeza.

Allah akupanulie kaburi lako, Eeddo, alijaze nuru. Pumzika, kuhangaika niachie mimi. Nitakwenda huko kote, na nitajifunza kusema taratibu. Ule mwisho sitaufuta. Mkaguzi akiniuliza mbona haumo kwenye silabasi, nitamwomba angoje kidogo: darasa linajibu.

Wako,
Sahra