Klachi Laini ya Gari la Baba

Saginaw, Michigan
Oktoba 12

Kwako kaka Dwight,

Pokea salamu nyingi kutoka nyumbani, ambako baridi imeshaanza kuuma masikio. Natumaini jua la Tucson linakutendea wema na kwamba wifi Noreen amepona mafua. Mama anakusalimu. Ameoka pai ya tufaha na kulalamika, kama kawaida yake, kwamba mlaji mkuu yuko mbali.

Jumapili ulinikatia simu kwa hasira. Nami nilikuwa na hasira zangu, ndiyo maana naandika. Kwenye barua huwezi kunidakiza.

Nianze na injini, maana najua ndiyo inayokunyima usingizi. Ni ileile ya inchi za ujazo 327 iliyokuja na Corvette mwaka 1966, na namba zake bado zinalingana na za gari. Silinda zimechongwa, pistoni mpya za saizi moja juu zimeingia. Baba alikuwa ameketi kando ya benchi akinisimamia. Nilipokaza nati moja kwa pupa aliniambia, "We Marlys, injini hiyo tuliisubu sisi pale kiwandani kwa jasho letu. Usiikaze kama unafunga chupa ya achari." Kwa hiyo injini haina neno.

Neno liko kwenye klachi. Ulisema springi nilizoweka ni laini mno, kwamba watu wa klabu yenu ya magari ya zamani wakisikia watatucheka, kwamba gari la Baba linastahili klachi ngumu kama lilivyotoka kiwandani. Ukaongeza kwamba nimefunga klachi ya kike kwa kuwa nalinyemelea gari liwe urithi wangu. Hilo limeniuma, kaka. Nilinyamaza kwa sababu nilikuwa nimeahidi kunyamaza.

Ile ngumu niliifunga mwezi wa Agosti, kama ulivyoagiza. Baba akaingia, akashika usukani, akakanyaga. Pedali haikwenda. Akajaribu tena, kisha akaniambia kwa sauti ya chini kwamba gari halina kosa. Akapandisha suruali nikauona mguu wake wa kushoto. Umekwisha, Dwight. Paja lake limekuwa jembamba kama mkono wangu.

Daktari anasema ni ugonjwa wa neva. Umeanzia mguuni, utapanda mpaka kifuani, na dawa ya kuuzuia hakuna. Baba amejua tangu Pasaka. Alinikataza nisikwambie. "Huyo mkubwa akijua atapanda ndege aje kunililia hapa. Mwache na jua lake." Basi nimevunja ahadi, na akinigombeza nitainamisha kichwa.

Nilishusha gia boksi siku ileile, nikatoa klachi ngumu, nikafunga laini.

Jumamosi iliyopita tulilitoa gari. Hata kwa klachi laini, mguu peke yake hauwezi. Baba analisukuma goti kwa mkono wa kushoto, wa kulia umeshika usukani, na mkono wa kubadilisha gia haubaki. Kwa hiyo Mama, ambaye miaka yote hakuruhusiwa kugusa hata redio ya gari hilo, ndiye anayebadilisha gia. Baba anasema "sasa," Mama anasukuma. Gia ziliposaga, Baba alimwambia, "Taratibu, mama watoto, huo si mwiko wa kukorogea supu." Mama akamjibu akanyage vizuri kwanza ndipo afundishe watu. Walifika mtoni wakarudi. Mimi nilikuwa nyuma yao na pikapu, nikilia mpaka barabara siioni vizuri.

Mkono ule wa kushoto nao umeanza kutetemeka.

Klachi yako ngumu nimeifunga kwa karatasi ya mafuta, iko juu ya rafu. Siku yake itafika, nawe utaifunga kwa mikono yako. Lakini sasa njoo, kaka, kabla theluji haijaanguka wakamwaga chumvi ya kuiyeyusha barabarani, maana unajua Baba hatalitoa gari likaliwe na kutu kwenye chumvi hata akiwa mahututi. Viti ni viwili tu. Mama amesema ukija atakupisha chake.

Msalimie wifi. Nakungoja uwanja wa ndege.

Ni mimi mdogo wako,
Marlys