Dume Aliyetafutwa Kilimani

Bwera, 4 Machi 2024

Mutoto wangu Consolée,

Ujambo? Afya iko namna gani huko Kasese? Sisi tuko wazima, ni miguu tu inaniuma. Papa yako alikuwa anachimba mihogo, akatoa buibui mukubwa kama kiganja chake, iko na manyoya. Nikasema auwe. Akakataa: “Consolée anasoma wadudu, atajua jina yake.” Ni hii ndani ya chupa, ameitilia waragi, ile pombe kali.

Mama yako

Kasese, 19 Machi 2024

Mama mpendwa,

Salamu nyingi. Miguu imepoa? Mwalimu wangu alimtazama buibui kwa hadubini, akafungua vitabu vyake. Anasema huenda ni aina mpya kabisa. Lakini huyu ni jike, tena mmoja. Bila dume mkomavu hatuwezi kumtofautisha na ndugu zake wala kumwandika kwenye jarida, na asiyeandikwa hana jina. Madume hutoka mashimoni wakati wa mvua. Mwambie Papa ajaribu. Jina la buibui linaweza kuwa lake.

Binti yako, Consolée

Bwera, 2 Mei 2024

Consolée,

Tunakusalimia. Papa yako hatulii. Kila mvua ikikuja anavaa buti, anapanda kilima. Namwambia udongo umelegea, anajibu, “Mutoto aliniomba.” Umwambie aache. Wewe anakusikia.

Mama yako

Kasese, 6 Mei 2024

Mama,

Poleni na mvua. Usiogope, msimu uko karibu kuisha. Avumilie wiki moja tu.

Consolée

Bwera, 29 Mei 2024

Consolée,

Tangu kilima kimuangukie Papa yako sikuweza kushika kalamu. Siku ya mazishi sikukusemesha, uliona. Batu benye balimufukua kule kilimani balikuta hii chupa ya buibui katika koti yake. Haikuvunjika. Chukua.

Mama yako

Kasese, 11 Agosti 2024

Mama mpendwa,

Hii ni barua ya tatu, na hujajibu hata moja. Hali yako nawauliza madereva wa teksi za Bwera. Wanasema wanakuona sokoni.

Majibu yametoka. Dume wa Papa amelinganishwa na mmoja aliyehifadhiwa kwenye makumbusho ya ng'ambo. Ni aina ileile. Iliandikwa na kupewa jina zaidi ya miaka themanini iliyopita, kutokana na dume mmoja tu. Jike wake hakuna aliyewahi kumwona, ndiyo maana hatukumtambua. Mwalimu ataandika kurasa mbili kuhusu jike. Jina la Papa litakuwa chini, kwa herufi ndogo: aliyekusanya, Christophe Thembo.

Uliniomba nimzuie, nikasema wiki moja. Naamka na neno hilo kila siku.

Niambie tu, nije nyumbani au nisije.

Mtoto wako, Consolée