Ishara Uliyokataa Kuiteremsha

Mume wangu, Baba Zuhura,

Salamu zangu zikufikie huko ulikotangulia. Mimi mzima, magoti tu ndiyo yananisumbua, na vidole havishiki kalamu tena. Mimi nasema, Zuhura anaandika. Kuna jambo linanikaa rohoni tangu Ijumaa iliyopita, na wa kuambiwa kwanza ni wewe.

Wajukuu zako wakisikia kwamba babu yao alikuwa mshika ishara wa reli, wananitazama kama nawatungia hadithi. "Bibi, huku kwetu Lindi kulikuwa na treni?" Nawaambia ilikuwepo, enzi za Mwingereza, ikitoka Nachingwea na karanga na magogo hadi bandarini Mkwaya. Hawaamini, na siwalaumu. Reli ziling'olewa siku nyingi, na kibanda chako kilibomolewa, watu wakagawana mbao. Mlango wa banda la mbuzi la jirani yetu ni ubao wa pale. Kwa ndani bado una ile rangi ya kijani.

Ulipokuja kuniposa kwetu Rutamba ulikuwa mtu mzima tayari. Ulikuwa umefanya kazi reli ya kati miaka mingi, wakakuleta kusini kwa sababu huku hakukuwa na watu wanaoijua kazi ile. Baba alikuuliza unalima nini. Ukamjibu, "Silimi, mzee. Nazuia treni zisigongane." Alidhani unatania. Jioni alimwambia mama, "Shamba hana, lakini adabu anayo." Nikaolewa hivyo.

Kibanda chako kilisimama juu ya nguzo, kina madirisha pande tatu, na ndani safu ya mikono ya chuma ya kuendeshea ishara, iliyonifika kifuani. Uliipangusa kila asubuhi. Viatu uliviacha mlangoni kama mtu anayeingia msikitini, na mimi nikileta chakula sikuruhusiwa kugusa kitu. Mara moja tu ulinionyesha ule mkono wa mbao juu ya mlingoti, kule nje. "Ukinyooka vile, dereva anasimama, hata awe amembeba gavana. Nikiuteremsha, anapita. Yeye haoni kilichoko mbele. Ananiamini mimi." Ulisema bila majivuno yoyote. Majivuno nilikuwa nayo mimi. Nilishuka ngazi zile na bakuli tupu kichwani, nikitembea kama mke wa liwali.

Sasa niiseme siku ile.

Ilikuwa mchana, jua kali, Zuhura mgongoni kwangu. Treni ya mizigo ilikuwa imesimama stesheni, inangoja ruhusa yako. Asubuhi mafundi wa njia walikuwa wametoka na kiberenge, kile kigari chao kidogo, kwenda kutengeneza reli huko mbele. Stesheni ya pili ilikuwa haijakiona, na wewe ulikuwa umeshapiga simu mara tatu. Ndipo akapanda kibandani mkubwa mmoja wa reli, Mzungu, uso mwekundu kwa jua, saa mkononi.

"Teremsha ishara. Meli inangoja Mkwaya."

"Bwana, kiberenge bado kiko njiani."

"Kimeshatolewa kwenye reli. Wale saa hizi wanakula."

"Nikiambiwa hivyo kwa simu, nitateremsha."

"Nakuambia mimi."

Mkono wako ulikuwa juu ya kile chuma, haukisukumi wala haukiachi.

"Kesho hutakuwa na kazi hapa," akasema.

"Sawa, Bwana. Leo bado ninayo."

Mimi nilikuwa kwenye pembe na bakuli la ugali na kisamvu. Nikakuambia kwa Kimwera, kile ulichojifunza kwangu, ili yule bwana asielewe. Nilikuambia, "Baba Zuhura, teremsha. Reli ni yao. Tukifukuzwa tutakwenda wapi na mtoto?" Nikarudia. Mara ya tatu nilikuwa nalia.

Hukugeuka. Ulitazama njia tu, jasho likikutiririka shingoni hadi kola ikalowa. Yule bwana alitoka kwenda kumpigia kelele dereva, akarudi, akatoka tena, akarudi. Mara mbili niliona vidole vyako vinakaza na kulegea. Nilidhani umekubali. Nikamshukuru Mungu, Yeye anisamehe.

Halafu tukawaona wakitokea kwenye kona. Watu tisa, vifua wazi, wanasukuma kiberenge kwa mikono. Injini ilikuwa imezimika, na kwa vile kilikuwa kimejaa vyuma walishindwa kukiinua wakitoe njiani. Wangekutana na treni pale pale kwenye kona, ukuta wa mawe huku na huku, bila pa kukimbilia.

Yule bwana aliwatazama hadi wakafika. Akashuka ngazi. Wewe ulingoja kiberenge kitolewe, ukapiga simu, ukateremsha ishara, treni ikaondoka. Kisha ukanawa mikono ukaniuliza kama kisamvu kina nazi.

Hukufukuzwa. Ilikuja barua kwamba huna utii, wakakuhamishia Mkwaya ukapeperushe bendera kwenye njia za kupakulia mizigo, wewe uliyekuwa na kibanda kizima. Uliikunja barua ukaitia mfukoni, na asubuhi iliyofuata ulipiga pasi sare yako mwenyewe. Ulipeperusha bendera ile hadi reli ilipofungwa, na sikuwahi kuona mtu aliyeishika bendera kwa heshima namna ile. Majirani walisema umeshushwa cheo. Mimi nilijua nimeolewa na nani.

Lakini ya kwangu ya siku ile hatukuyazungumza kamwe. Nilingoja unilaumu, mwaka ukapita, miaka ikapita, hadi nikakuzika.

Ijumaa iliyopita, baada ya sala, akabisha hodi mtu wa makamo kutoka Kitomanga. Jina lake Selemani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu ndani."

Akasema baba yake alikuwa mmoja wa wale tisa, amefariki mwezi uliopita, na alimwachia wosia aje kutoa shukrani kwa mtu wa kibandani, na kama hayupo, kwa mkewe. "Mimi nimezaliwa baada ya siku ile, mama. Sisi ni sita, na sote tumezaliwa baada yake." Kisha akasema, "Baba na wenzake walimuuliza mzee wa kibandani alipataje ujasiri wa kumkatalia Mzungu. Akawaambia, mke wangu alikuwa pale pale, ndiye aliyenipa moyo."

Zuhura alinitazama, macho yanang'aa. Kumbe uliwaambia hivyo, Issa mume wangu. Miaka yote hiyo watu wa Kitomanga wananiombea dua kwa jambo nisilolifanya.

Ningeweza kunyamaza. Nikamwambia, "Hapana, mwanangu. Nililia nikimsihi aiteremshe ishara. Mara tatu. Yule alikuwa peke yake."

Selemani aliinamisha kichwa. Halafu akasema, "Basi, mama, ilikuwa ngumu kwake kuliko tulivyojua."

Zuhura alikuwa ameacha kuandika, anajifuta macho. Sasa ameendelea.

Niwie radhi, mume wangu. Mungu akulaze mahali pema, na siku yangu ikifika unipokee kama ulivyonipokea siku zote, bila kuniuliza.

Mkeo,
Mama Zuhura