Uliponiuliza Kama Ilinyamaza Mara Moja

Baba yangu mpendwa,

Nakuandikia nikiwa kwenye kibanda chako cha ufundi, hapa nyumbani Nyakitonto, Kasulu. Ampu yako ya gitaa iko mezani mbele yangu. Bado ina kile kitenge ulichokishona kwa mbele baada ya panya kula kitambaa chake. Nimekaa ili nijibu swali ulilowahi kuniuliza kwa simu. Najua nilikujibu siku ileile, lakini jibu langu halikuwa la kweli.

Unakumbuka tulivyokuwa tukiibeba kwenda kanisani, wewe upande huu, mimi upande ule? Ulimsalimia kila tuliyekutana naye, "Mwakeye," mimi naangalia chini. "Huyu akishika gitaa anaongea," uliwaambia watu, "akiliweka chini, bubu." Ulinifundisha gitaa kwa sababu uliona siwezi kuimba mbele ya watu. Ukanionyesha na pa kusimama: kando ya ampu, nusu ya mwili nyuma yake. Miaka yote ya sekondari nilipiga nikiwa hapo.

Ampu ilikuwa inavuma. Ukiiwasha tu, hata gitaa halijachomekwa, inaanza na haiachi mpaka uizime. Mvumo ule uliuita nyuki. Kina mama wa kwaya waliuzoea, wakawa wanachukulia sauti hapo. Mama Neema, anayeanzisha nyimbo, alikuwa akisema, "Subirini kwanza, nyuki hawajaamka." Tunacheka, na wewe unacheka.

Mara ya kwanza tulipoalikwa Kibondo kwenye tamasha la kwaya, hukucheka. Mpiga besi wa kwaya mwenyeji aliinama mbele ya ampu yako, akatega sikio, akasema ukumbi mzima usikie, "Ndugu zetu wa Kasulu, huku asali tunayo. Mzinga mmeubeba wa nini?" Ukamjibu, "Tumekuja kuwaongezea." Watu walikupenda kwa jibu lile. Lakini njia nzima ya kurudi uliifunika ampu kwa koti lako.

Tulipoalikwa tena mwaka huu, miguu yako ilikuwa imevimba na hukuweza kutoka nje. Ukasema ampu lazima ipone kwanza. Uliifungulia kitandani, ukanionyesha kapasita zilizozeeka, ukasema ndizo zinazofuga nyuki. Nilikushikia tochi ukichomelea mpya. Mikono yako ilitetemeka, ukarudia waya mmoja mara tatu. Baba, naona aibu kuandika nilichokuwa nawaza. Nilikuwa nawaza kwamba mikono hii haiwezi tena.

Na mimi nilikuwa tayari na kiboksi. Ulikijua, kile cha dijitali ambacho binamu Ezra alinitumia kutoka Mwanza nilipomaliza kidato cha nne. Unachomeka gitaa, unachagua kwenye simu ampu unayotaka kiige, na sauti inakwenda moja kwa moja kwenye spika za ukumbi. Ulikigeuzageuza kiganjani ukitafuta skrubu. "Sasa fundi anaingilia wapi?" ukauliza. Nilicheka. Sasa hivi swali hilo halinichekeshi.

Ulimaliza kazi asubuhi ya safari, umeme ukiwa umekatika. "Utaiwasha hukohuko," ukasema. "Ukiiwasha, isikilize kwanza kabla hujachomeka gitaa." Nikasema, "Sawa, Baba."

Sikuiwasha.

Tulipoingia ukumbini yule mpiga besi alikuwepo. Alituona mimi na Mama Neema tukiishusha ampu, akatabasamu. Nikaangalia chini. Niliiweka mahali pake, nikauficha waya wake wa umeme chini, nikaweka kiboksi nyuma yake na kumpa fundi mitambo waya wa kiboksi. Mbele za watu nilikuwa napiga ampu ya baba yangu. Sauti ilitoka safi kabisa. Mama Neema alingoja nyuki, hakuwasikia, akaanzisha wimbo juu mno, na kwenye kiitikio kina mama walihangaika. Lakini hakuna aliyecheka.

Tuliposhuka yule mpiga besi akanifuata. "Dada, nyuki wako wapi? Mmewapulizia moshi?"

"Baba ameitengeneza," nikasema. Ndiyo sentensi pekee niliyowahi kumwambia mtu nisiyemjua bila kuangalia chini.

Mama Neema alikuwa amekupigia simu ili usikie tukiimba. Akanipa.

"Nimesikia," ulisema. "Nyuki hawapo."

"Hawapo, Baba."

"Ulipoiwasha, ilinyamaza mara moja au ilivuma kidogo kwanza?"

Nilidhani mara moja ndiyo sifa kubwa zaidi. Nilitaka ufurahi. "Mara moja," nikasema.

"Mara moja," ukarudia polepole. Kisha ukasema, "Haya. Umepiga vizuri, mwanangu. Mrudi salama."

Wiki zile chache zilizobaki, kila aliyekuja kukuona alipewa habari hiyo. Mama alisimulia, Mama Neema alisimulia, kwamba fundi ameua nyuki akiwa kitandani. Wewe ulisema tu, "Binti yangu alipiga vizuri." Nilifikiri hutaki kujisifu. Siku ya kukuzika mwenyekiti wa kwaya aliisimulia tena habari hiyo kaburini, na mimi nikainamisha kichwa. Watu wakasema acheni alie.

Tangu hapo napiga kwa kiboksi kila Jumapili. Sitakidharau, Baba. Ni chepesi, kinakaa kwenye mkoba pamoja na Biblia, na hata tulipokwenda Kitanga, ambako umeme ulikuwa dhaifu, hakikubadilika sauti. Kina ampu nyingi za watu wa mbali. Niliitafuta yako humo, haimo. Yako inakaa palepale kanisani, imezimwa, na mimi nasimama nyuma yake kama mtu aliyejificha nyuma ya mzazi wake.

Leo mchana nimeileta nyumbani na kuiwasha. Ilivuma. Nyuki walewale. Nilisogeza mkono kwenye swichi ili niizime, nikijua sasa kwamba nilikuwa sahihi kutokukuamini, na hilo liliniumiza kuliko uongo wenyewe. Kabla sijaigusa, mvumo ukaanza kupungua, kama kundi linalohama. Halafu kimya. Nilichomeka gitaa, nikapiga, nikaacha. Kimya. Nikaizima, nikangoja, nikaiwasha tena. Ikafanya vilevile.

Ndipo nikakumbuka ulivyokuwa ukiwaambia wateja wa redio hapahapa mlangoni: kapasita zikiwa mpya, kifaa kitalalamika kidogo kila ukikiwasha mpaka zijae umeme, kipe muda kivute pumzi. Isingeweza kunyamaza mara moja. Wewe uliyeitengeneza ulijua ingefanya nini. Nilipokwambia mara moja, ulijua sikuiwasha.

Ulijua, na hukuniuliza mara ya pili. Hukumwambia Mama. Ulikufa bila kusikia kazi yako ya mwisho ilikwendaje, kwa sababu mtu uliyemtuma kuisikiliza aliogopa kuchekwa.

Jumapili nitairudisha kanisani na nitaiwasha mbele ya wote. Muda wa nyuki kuondoka unamtosha Mama Neema kuchukua sauti. Kabla ya wimbo nitasogea kutoka nyuma yake na kuwaambia. Nimejifunza neno moja tu la kusema, maana zaidi ya hapo sitaweza: sikuiwasha.

Lakini wewe ndiye uliyeuliza, kwa hiyo wewe kwanza. Ilivuma kidogo, Baba. Kama pumzi tatu hivi. Kisha ikanyamaza.

Lala salama, fundi.

Ni mimi binti yako, wa nyuma ya ampu