Pumba Nilizozianika

Murungu, Kibondo
Jumatano

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini umeamka salama, goti limeacha kukusumbua na Shadia amerudi shule. Sisi huku wazima, na mimi nina mume, mama! Kila nikiamka bado nashangaa kwamba Hamis ni wangu. Hunichotea maji kabla sijanawa uso, na akitoka na mkokoteni hugeuka mara tatu kunipungia mkono mpaka majirani wanamcheka. Mama mkwe anasema mapenzi haya yataisha siku maharage yakikosa chumvi. Nimemwambia nitatia mara mbili.

Lakini nyumba imepata msiba. Punda wetu amekufa, yule mwenye miguu myeupe aliyebeba kitanda changu kutoka stendi siku ya harusi. Ndiye aliyevuta mahindi ya watu kwenda mashineni. Bila yeye Hamis hana kazi. Alianza kusinzia amesimama, kisha akawa anazunguka pale pale na kugonga ukuta kama haoni. Siku ya tatu aliegemeza kichwa kwenye mgomba, akaanguka, hakuinuka.

Bwana Kipriani, afisa mifugo, aliuliza alikuwa akila nini. Hamis akajibu kwa fahari kwamba mkewe humpa majani tu, yale anayotukatia mzee Niyonsaba. Afisa akasema hata pumba za mahindi hazina neno zikiwa kavu na safi, tena kidogo juu ya majani, ila zenye ukungu ni kifo. "Ng'ombe anaweza kuzivumilia," alisema. "Punda na farasi hawawezi. Na jua haliondoi sumu yake."

Kwa kuwa hakuna aliyekiri kumlisha punda pumba, watu wakatafuta mtu. Wamempata Niyonsaba, maana ni Mrundi na anaishi peke yake. Wanasema alitia kitu kwenye majani. Hamis naye anasema hivyo, mama, Hamis wangu mpole. Jumamosi watakaa kwa mwenyekiti wa kijiji ili afukuzwe. Mzee bado akipita asubuhi ananisalimu, "Bwakeye, bibi harusi," nami naitikia nikitazama chini.

Mama, ni mimi. Hamis aliniambia nitupe gunia la pumba lililonyeshewa. Nikaona ni hasara. Nikazianika mkekani, nikazipekecha, nikapepeta ule ukungu kama ulivyokuwa ukiwafanyia kuku wako, nikampa punda kwa siri kwa wiki tatu, ili anawiri na Hamis aniulize nimemfanyaje. Nilitaka sifa. Nimejaribu kusema, lakini kila nikifungua mdomo ananishika kidevu, ananiita baraka ya nyumba yake, nami naufumba.

Anakuja Kasulu kutafuta punda mwingine, na barua hii nimempa yeye akuletee. Naamini sasa hivi ameketi mbele yako na kikombe cha chai, anangoja umwambie nimeandika nini juu yake. Msomee, mama, kuanzia juu, na usiruke neno. Kisha mwambie awahi kurudi kabla ya Jumamosi kwa ajili ya mzee, hata kama hatarudi kwangu.

Msalimie Shadia, na wote wanaoniulizia waambie nimeolewa na mtu mwema.

Mwanao,
Asmahani