Sindano mbili na sauti ya Yeyo

Haya, tuendelee. Jana nilikatizwa na wateja wa chapati nikaacha simu, nikawa nimeishia pale fundi Elibariki alipochomoa sindano ya mashine yangu ya sahani za muziki, akaitazama kwa lenzi yake, akacheka peke yake.

Leo Jumamosi. Manyunyu tangu asubuhi, Mlima Meru umejifunika mpaka miguuni. Na mimi nimejifunika, sweta chini, kitenge juu, nimekaa jikoni kwangu hapa Sakina naandika kwa kidole kimoja. Wanaonijua wanajua mimi ni mtu wa kucheka. Leo nacheka ila kifuani kuna kitu kimekaa.

Ngoja nianze mwanzo, maana kuna wengine wanaingia kwenye shajara hii leo.

Nina sahani moja tu, zile nyeusi za zamani. Kwaya ya usharika wetu iliirekodi mimi nikiwa bado nabebwa mgongoni. Upande wa pili kuna wimbo, mwanamke mmoja anaanza peke yake, kwaya inamfuata. Yule mwanamke ni mama yangu, Yeyo.

Ndivyo nilivyokuwa nasema. Nimesema misibani, nimesema saluni, nimewaambia mafundi magari wanaokuja kunywa chai hapa, na wala hawakuuliza.

Yeyo alifariki nikiwa darasa la nne, na shule yangu ikaishia hapohapo. Picha yake ninayo moja, ya kitambulisho, amekunja uso. Sauti yake sina mahali pengine popote zaidi ya ile sahani. Na ushahidi nilikuwa nao. Sisi Waarusha zamani mtoto anang'olewa meno mawili ya chini ya mbele, ndiyo mila. Yeyo aling'olewa. Basi kila akitamka S ilitoka na kamluzi. Akisema "sasa" ungedhani kuna ndege jikoni. Na kwenye sahani yule mwimbaji akifika kwenye S tu, ssss! Nikasema nani mwingine huyo?

Kesho kanisani wanasherehekea miaka ya kwaya. Mchungaji ameniomba nilete sahani, tuisikilize, halafu nisimame nimwelezee mwimbaji. Gauni nimeshashona. Mashine ikawa inakwaruza, ndiyo maana nikaenda kwa fundi.

Sasa kuna Bibi Aika. Huyu ni mama wa jirani yangu wa ng'ambo ya barabara, Mama Gladi. Bibi mwenyewe ni Mchaga wa Machame aliyeolewa huku. Katika waimbaji wote wa ile sahani amebaki yeye peke yake. Mwaka juzi, tumekaa uani kwangu, wimbo unapigwa, akasema taratibu, "Huu niliuanza mimi."

Nilicheka. Kesho yake saluni nikasimulia kwamba bibi wa watu kichwa kimeanza kupotea, sasa anadai mpaka nyimbo za marehemu. Watu wakacheka mpaka wakashika mbavu. Mnajua nikisema kitu saluni kinafika Themi kabla nywele hazijakauka.

Bibi hakulisema tena neno hilo. Mama Gladi bado tunasalimiana, ila chai kwangu hajanywa tangu siku ile.

Turudi kwa fundi.

"Mama Happy, hii siyo sindano, ni msumari," akaniambia. "Wewe ulikuwa hupigi muziki, ulikuwa unalima."

Akanielekeza, na mimi nawaelekeza nyie. Kile kidude mwisho wa mkono wa mashine kinaitwa kichwa, na vichwa viko vya namna mbili. Changu ni cha sumaku. Sindano imeshikana na kijisumaku kidogo, kinacheza katikati ya koili zilizotulia, yaani nyaya zilizoviringishwa, na hapo ndipo sauti inapozaliwa. Uzuri wake kina nguvu, kinapiga kwa sauti, na sindano ikiisha unachomoa unapachika nyingine kama balbu. Akachomoa, akapachika mpya. Akaweka wimbo wangu.

Zile S zikatoka safi.

Safi kabisa, kama za mtangazaji wa taarifa ya habari. Hakuna kamluzi. Mwanamke mwenye meno yake yote anaimba, tena kwa sauti nzuri, na simjui.

Fundi akasema kumbe ile ssss ilikuwa ya sindano iliyochakaa. Eti S ndiyo inaharibika kwanza, kwa sababu mtikisiko wake ni mdogo na wa haraka, sindano butu haiwezi kuufuata, inaishia kuupaka matope.

Nikamwambia, "Rudisha ile ya zamani."

"Ya zamani inakudanganya, mama."

"Rudisha hivyohivyo."

Akakataa, akasema itamaliza sahani. Nikakaa kwenye kiti chake cha mbao. Mtu amekufa miaka yote hiyo halafu anakufa tena, saa nne asubuhi, na nje makonda wanaita abiria wa Namanga.

"Mama Happy amenyamaza!" fundi akasema. "Nifunge ofisi nikuite daktari?"

Sikucheka. Hapo ndipo alipoogopa kweli. Nikamwambia yote, ya Yeyo na ya meno. Akakuna kidevu, akafungua kabati akatoa kiboksi. Ndani kichwa kingine. Alikinunua kwa mzee mmoja wa Themi aliyekuwa anahama, na hakitoi hovyo.

Hiki ni cha koili, kinyume cha changu. Sumaku imetulia, zinazocheza na sindano ni koili zenyewe, nyuzi nyembamba kama nywele ya mtoto. Kwa kuwa ni nyepesi, sindano inafuata hata kitu kidogo kabisa kilichoandikwa kwenye sahani. Lakini kina ubaya wake. Sauti inatoka dhaifu mno, mpaka uweke kijisanduku cha kuinyanyua kabla haijafika kwenye amplifaya. Na sindano yake ikivunjika huchomoi. Kichwa kizima kinatumwa kwa wanaojua, au unakwenda kununua kingine.

"Sasa mtu ana wazimu gani akanunue hicho?"

"Subiri usikie. Na hiki kinataka ufunge mdomo."

Akafunga mlango. Nikafunga mdomo.

Mwanzoni sikuona jipya, nikataka kusema, fundi akaninyooshea kidole. Kisha nikaanza kusikia kama chumba. Watu wamesimama kwa mistari. Mtu akavuta pumzi. Yule mwimbaji akaanza, nikamsikia ni binti kabisa, ana woga kidogo, na ile R yake inaviringika vilevile inavyoviringika mpaka leo akiniuliza bei ya maharage.

Bibi Aika.

Kwaya ikaingia. Na kule nyuma, kwenye sauti ya pili, nyuma ya yule binti, kwenye neno "msalaba", kamluzi. Kadogo. Likaja "asubuhi", kamluzi tena, tena kamechelewa kidogo nyuma ya wenzake, kama yeye alivyochelewa kila kitu, mpaka kubandika makande.

Yeyo wangu huyo. Alikuwepo siku zote, ila sehemu ambayo sikuwahi kuitafuta.

Nililia mbele ya fundi bila aibu, naye akajifanya anatafuta bisibisi.

Nikaomba arudishe cha sumaku na ile sindano mpya, nijue kama na humo yumo. Safari hii nilimsikia humo pia, kwa mbali, kama ukishamwona mtu wako sokoni unaweza kumfuata kwa macho hata watu wakijaa. Kwa hiyo cha sumaku siyo kibaya, msije mkasema Mama Happy amekiponda. Tatizo kubwa lilikuwa ile sindano butu. Lakini kilichonionyesha mahali pa kusikiliza ni cha koili.

Nikamuuliza fundi kipi bora. Akasema inategemea unataka nini. Kanisani kesho niweke cha sumaku, kinatoa nguvu, na mtu akikigonga tunabadilisha sindano maisha yanaendelea. Ukitaka kumsikia mtu mmoja katikati ya wengi, koili.

"Wewe mwenyewe ni sumaku, Mama Happy," akaniambia. "Nguvu hujakosa. Ila sindano yako tuiangalie."

Tukacheka wote. Ila nimetembea na hilo neno mpaka nyumbani.

Sasa niwaambie ukweli wangu, maana shajara ya uongo ina faida gani. Nilitamani ninyamaze. Fundi siyo mtu wa maneno. Kesho niweke cha sumaku, kanisa limejaa, spika zile kubwa, watoto wanapiga kelele, nani atajua? Nisimame na gauni langu jipya niseme huyu ni mama yangu, watu wapige makofi. Hata uongo si uongo, kwa kuwa Yeyo yumo kweli.

Lakini Bibi Aika atakuwa amekaa mbele, kwenye kiti chake cha magurudumu. Atanisikiliza tu. Hatasema kitu, kwa sababu mara ya mwisho aliposema nilimfanya kichekesho cha mtaa.

Nilimnyang'anya sauti yake nikampa mama yangu. Na mama yangu hakuiomba, alikuwa na yake.

Tangu saa moja nakanda unga huku najaribu maneno. Shikamoo Bibi. Halafu? Samahani Bibi, nilikosea. Mbona fupi? Nikiongeza maelezo nasikia najitetea. Kusambaza maneno sina mpinzani hapa Sakina, lakini kuyakusanya sijawahi hata siku moja. Yanakusanywaje? Nirudi saluni nianze na nani?

Cha sumaku ni changu, na fundi ameniazima cha koili na kile kijisanduku mpaka Jumatatu. Amenionyesha jinsi ya kubadilisha na kuweka uzito wa mkono wa mashine. Mashine ipo hapa mezani, nimeifunika kwa mfuko wa nailoni. Chapati ya kwanza imeungua. Nafikiri niende mchana, mvua ikikata. Au jioni. Au kesho mapema kabla ya ibada, ingawa kesho atakuwa anavalishwa, sijui kama...

Kuna mtu getini.

"Mama Happyyy! Upo?"

Ni Mama Gladi. Mwenyewe. Na mvua hii.

Anasema haingii, ana matope. Anasema Bibi amesikia nilikuwa kwa fundi, tangu asubuhi anauliza kama sahani imepona. Bibi anaomba, kama haitanisumbua, aisikie nyumbani kwao kabla ya watu.

Nimeitikia nakuja. Natoa cha sumaku, naweka cha koili, nafunika mashine na kitenge changu, nitalowa mimi. Wimbo ukianza nitafunga mdomo mpaka uishe. Halafu ndiyo niseme kwamba nilikosea, tena mbele ya Mama Gladi, na kesho niseme vilevile kanisani.

Anaita tena. Naja, mama, naja! Nishikie mlango!