Pigo Lenye Baba Hakupiga

Mama Henriette wa redio, naomba unisaidie mbele siku ya Mungu, ile jumapili ya kumaliza kilio, ifike, juu minye Elie wa Panda sina tena raha: Baba yetu Théophile, mupiga-ngoma mwenye bantu bote ba Likasi banamujua, alikufa mwaka jana, na kwetu kilio haiishi mupaka mutoto wake apige ngoma ya kumaliza, njo mama yetu mujane anatosha nguo nyeusi ku mwili, na jamaa balichagua minye, minye mwenye nilikuwa ku usine, ku kazi ya mashini, miaka yote na sikugusa ngoma hata siku moja. Lakini kuko kaseti ya video, bantu ba misioni balimufilimu Baba akiwa muzima, anapiga, kiisha anajibu maulizo, na kila courant ya umeme ikirudia naweka kaseti, naangalia mikono yake, narudisha, nafuata na vidole ku meza. Yote nashika, ila mwisho! Baba anainua mukono wa kuume, hapigi, anaushusha polepole ku ngozi, anacheka. Banamuuliza: « Na pigo la mwisho, muzee? » Anajibu: « Ile mutaisikia ku siku yake. » Siku gani, Mama, na alishakufa?

Nasema wazi: yaya yangu Georges, ndugu yangu mukubwa, alikata ile kaseti. Ilikaa kwake juma mbili mbele anipe. Haikumupendeza jamaa banichague. Namuuliza, « Yaya, pigo la mwisho iko wapi? » anacheka tu: « Uliza Mama. » Aba! Ananichekelea, ananituma kwa mujane mwenye kulia? Sasa nikipiga nafunga mulango, juu asisikie. Nimushitaki mbele ya jamaa?

Mama Henriette anajibu: Elie, pole kwa Baba. Sasa ikala, nikugombeze.

Weye unaangalia mikono mara mia, na masikio uliweka wapi? Umeandika mwenyewe: mukono ulipanda, ukashuka polepole, Baba akacheka. Kaseti yenye kukatwa inaruka, haishushi mukono polepole. Mwizi hakuna. Baba yako alikataa kupiga. Ile pigo inafunga kilio, na siku ile maiti haikuwa. Angefunga kilio cha nani, cha kamera? Alikuambia: ku siku yake. Siku yake ni siku ya Mungu hii, mutoto wangu.

Na yaya yako alikupa jibu, weye ukasikia matusi! Mama yako alicheza ngoma ya bwana wake ku vilio vingapi? Miguu yake inajua ile mwisho. Ulishamuuliza? Hapana, ulikuwa unamuchunga Georges. Kidole kimoja hakivunji chawa, Elie.

Usishitaki muntu. Leo hii fungua mulango. Enda kwa Georges, sema « Yaya, nilikosa », bila kuzunguka. Kiisha muende bote kwa Mama, na ngoma, akupigie na mikono ku magoti yake namna ngoma inaishaka. Atalia. Umuache alie, lakini usitoke mupaka ushike.

Mwaka muzima Mama yako iko mu nguo nyeusi, anangojea mukono wako ushuke.